Fungu la Kumi Katika Nyumba Ambayo Mmoja Ndiye Ameokoka

SOMO LA WIKI
Soma kwanza: Mwanzo 14:17–24, 1 Samweli 25, 2 Wakorintho 8:1–15, 1 Petro 3:1–2

Jumapili iliyopita tulihubiriwa juu ya utoaji, na fungu la kumi likapata nafasi yake. Lakini maswali yaliyoletwa mlangoni baada ya ibada hayakuwa ya Malaki. Yalikuwa ya nyumbani. "Pasta, nimeelewa, lakini bwana yangu hajaokoka. Akijua natoa, hapatakalika." Ndugu mwingine akauliza kama ni lazima amwambie bibi yake, kwa sababu bibi akisikia neno kanisa anakunja uso. Mahubiri hayakuwa na nafasi ya kufika huko, kwa hivyo wiki hii tumelichukua swali hilo peke yake.

Niseme msimamo mapema ili usome ukijua tunaelekea wapi. Kanisa letu linafundisha fungu la kumi, na sijakuja kulipunguza. Lakini unachomletea Mungu ni kilicho chako, na unakileta waziwazi. Sehemu ya mwenzako si yako kutoa, hata kama wewe umeokoka na yeye bado, hata kama pesa zenyewe ziko ndani ya mkoba wako. Na nyumba ikifika mahali ambapo sadaka inafichwa kama mtu anavyoficha deni, basi ni afadhali kanisa likose hiyo pesa.

Abramu na wenzake watatu

Tukifundisha fungu la kumi tunapenda kuanza na Abramu na Melkizedeki, na tunafunga Biblia tukifika aya ya 20. Endelea mpaka mwisho wa sura. Abramu ametoka vitani na mali nyingi. Anampa Melkizedeki sehemu ya kumi. Kisha mfalme wa Sodoma anamwambia abaki na mali, arudishe watu tu. Abramu anakataa. Amemwinulia Bwana mkono kwamba hatachukua chochote, hata uzi, hata kamba ya kiatu. Hiyo ndiyo imani yake na hicho ndicho kiapo chake.

Sasa angalia aya ya 24. Kuna watu watatu waliokwenda naye vitani: Aneri, Eshkoli na Mamre. Aya ya 13 inatuambia walikuwa Waamori, ndugu watatu waliopatana na Abramu. Si wao walioitwa kutoka Uru, na si wao walioinua mkono kuapa. Abramu anasema hao wapewe sehemu yao. Hakusema, "Kwa sababu mimi ndiye ninayemjua Mungu Aliye Juu Sana, basi na mafungu yenu nimeyarudisha." Kiapo chake kiligusa mali yake, kikaishia hapo. Mimi nilisoma biashara chuoni kabla ya kuingia huduma, na nikisoma hiyo aya naona kitu ambacho mhasibu yeyote atakiona: baba wa imani alijua kutenganisha akaunti.

Najua mtu atasema, Pasta, ndoa si vita, ndoa ni mwili mmoja, chake ni changu. Ni kweli. Lakini kama ni mwili mmoja, basi nusu moja haiwezi kwenda kufanya jambo la mwili mzima huku nusu nyingine haina habari. Paulo aliwaandikia Wakorintho, kanisa ambalo lilikuwa na nyumba nyingi za namna hii, mmoja ameamini na mwingine bado. Katika sura ya 7 anasema mume hana mamlaka juu ya mwili wake peke yake, wala mke vivyo hivyo. Anasema pia kwamba asiyeamini akikubali kukaa, aliyeamini asimwache. Na anaongeza kwamba Mungu ametuita katika amani. Kama hata mwili wangu siutawali peke yangu, sembuse akaunti ya benki?

Hii pesa ni ya nani?

Hapa ndipo tunapokosea sana, kwa hivyo tukae kidogo.

Tuseme bwana ni fundi wa mjengo na hajaokoka. Kila Jumamosi akilipwa anampa mama shilingi 4,000 za matumizi: unga, mafuta, mboga, gesi, nauli ya watoto. Mama ameokoka, na anaihesabu hiyo kuwa mapato yake, kwa hivyo Jumapili anatoa 400. Kwa maoni yangu hiyo 4,000 si mapato. Ni pesa aliyotumwa nayo. Mweka hazina wa chama anashika pesa nyingi kuliko wengi wetu, lakini hatoi fungu la kumi la pesa za chama. Wanachama walimpa azishike, hawakumpa ziwe zake. Siku ile mzee atauliza kwa nini gesi imeisha tarehe 20 na pesa ilikuwa imetoka, utamwambia nini? Ukimdanganya, sadaka yako imekuletea uongo nyumbani. Ukimwambia ukweli, amejua kwamba kanisa lilikula gesi yake.

Lakini usielewe vibaya ukadhani mama wa nyumbani hana chake. Ana chake. Hata sheria ya nchi inasema hivyo. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inahesabu kazi ya nyumbani, kulea watoto na kulima shamba kuwa mchango katika mali ya familia, sawa na pesa inavyohesabiwa kuwa mchango. Kwa hivyo mama, una haki ya kukaa na mzee na kumwambia, "Kwa hizi 4,000, naomba 500 ziwe zangu, nisiulizwe zimeendea wapi." Wengi hawajawahi kuomba. Wanaona ni rahisi kuchomoa kidogo kidogo kuliko kuomba mara moja. Akikubali 500, fungu lako la kumi ni shilingi 50. Na hiyo hamsini mbele za Mungu ni fungu kamili, halina upungufu hata wa senti. Hiyo ndiyo maana ya 2 Wakorintho 8:12: Mungu anapokea kulingana na kile mtu alicho nacho, wala hamdai kile asicho nacho.

Wenye biashara ndogo nao wana shida yao. Dada ana kibanda cha mboga. Siku nzuri anauza shilingi 4,000. Jioni anahesabu, anaondoa 400, anatuma kwa simu. Sasa tufanye hesabu pamoja. Stoki ya asubuhi sokoni ilikuwa 3,000. Mkokoteni na matatu 150. Ushuru wa kaunti 50. Faida yake ni 800. Fungu la kumi la ongezeko lake ni 80. Ametoa 400, yaani nusu ya faida yote, na bado hajala na hajalipa kodi ya nyumba. Akifanya hivyo kila siku, baada ya miezi michache atakuwa anatoa mtaji. Nyanya zinapungua mezani, sukuma inapungua, na bwana ambaye haamini anatazama kibanda kikinyauka. Anasema, "Kanisa lenu ndilo linakula hii biashara." Na kihesabu mzee hajakosea! Kumbukumbu la Torati 14:22 inasema juu ya ongezeko la kile kilichopandwa. Mbegu yenyewe hairudiwi kukatwa kila mara. Mauzo si mapato, wapendwa. Kama huna kitabu cha kuandika ununuzi na mauzo, nunua kesho. Kinauzwa bei ya soda.

Kwa aliyeajiriwa mambo ni mepesi zaidi. Mshahara wako ni wako, utolee fungu la kumi. Kuna ubishi usioisha kama ni kabla ya makato au baada, na siku hizi makato yameongezeka: kodi ya mapato, NSSF, bima ya afya asilimia 2.75, nyumba asilimia 1.5. Mimi natoa kabla ya makato. Sijaona andiko la kumlazimisha mwingine afanye kama mimi, na katika nyumba ambayo hilo linaleta kelele, hesabu baada ya makato na ulale kwa amani.

Mkiwa na akaunti ya pamoja, au mnakusanya mshahara wote kapu moja, kanuni ni ile ya Abramu. Jua sehemu yako katika kapu, mkubaliane, utoe katika hiyo.

Lakini si Abigaili alificha?

Alificha, na andiko hili linatumiwa sana. 1 Samweli 25:19 inasema wazi kwamba hakumwambia mumewe Nabali. Alipakia mikate mia mbili, viriba viwili vya divai, kondoo watano, bisi, zabibu na tini, akamwendea Daudi. Ndiyo maana dada mwingine akisikia hapo anasema, ehe, mzee wangu ni Nabali kabisa.

Soma habari yote. Daudi alikuwa anakuja na watu 400 wenye panga, na ameapa kwamba hatabaki mwanamume hai katika nyumba ile mpaka asubuhi. Abigaili alichukua chakula cha nyumba kuokoa nyumba hiyohiyo, pamoja na Nabali mwenyewe. Hakupeleka sadaka. Tena hakunyamaza. Alirudi usiku akamkuta mume amelewa, akangoja. Asubuhi, divai ilipomtoka, akamweleza kila kitu. Kwa hivyo hata Abigaili, ambaye alikuwa na sababu kubwa kuliko yoyote tuliyo nayo sisi, siri yake ilikaa usiku mmoja. Ya wengine wetu ina miaka sita. (Na hilo la kungoja divai itoke ni hekima. Mambo ya pesa usiyaanze Jumamosi usiku mtu akitoka kwa baa.)

Andiko lingine ni lile la Mathayo 6, mkono wa kushoto usijue kile mkono wa kuume unafanya. Yesu pale anakataza kupiga tarumbeta mbele za watu ili usifiwe. Hasemi umfiche mtu mnayekula sufuria moja. Mkono wa kushoto katika mfano ule si bwanako.

Halafu siku hizi hakuna siri ya namna hiyo. Simu inasema. Ujumbe wa M-Pesa unaingia na jina la kanisa, kiasi, tarehe na saa, na siku watoto wanacheza na simu ya mama, baba anasoma. Fikiria ni nini anachojifunza siku hiyo juu ya Kristo. Hajawahi kukanyaga kanisani, hajasikia mahubiri hata moja. Kitu cha kwanza anachojua juu yetu ni kwamba tulikuwa tunapokea pesa kutoka nyumbani kwake bila yeye kujua. Petro anasema mume asiyelitii neno anaweza kuvutwa bila neno, kwa kuuangalia mwenendo wa mkewe. Anaangalia, wapendwa. Na mambo ya pesa anayaangalia mara mbili.

Ninayempenda zaidi katika jambo hili ni Yoana wa Luka 8:3. Mume wake Kuza alikuwa wakili wa Herode, yule Herode aliyemfunga Yohana Mbatizaji na kumkata kichwa. Mshahara wa nyumba ile ulitoka ikulu ya adui wa injili. Na bado Luka anamtaja Yoana kati ya wanawake waliomhudumia Yesu na wanafunzi, na anasema walitoa katika mali zao wenyewe. Mali zao. Mwishoni, katika Luka 24:10, tunamkuta tena katika habari za kaburi lililo wazi.

Je, nitalaaniwa?

Hili ndilo linalowanyima watu usingizi, na baadhi yenu mmeniambia kwa machozi. Mtu anatamani kutoa kamili, mwenzake amekataa katakata, na anakumbuka Malaki 3 juu ya kumwibia Mungu na laana. Anajiona yuko katikati ya moto mbili.

Soma Hesabu 30. Sheria ile inahusu mtu aliyeweka nadhiri akiwa nyumbani kwa mwingine. Mwanamke ameapa kumtolea Bwana kitu, mumewe akasikia, na siku ileile akakataa. Mungu anasema nini? Anasema nadhiri imebatilika na Bwana atamsamehe mwanamke. Imeandikwa mara mbili, aya ya 8 na aya ya 12. Na kama mume alinyamaza, kisha baadaye akageuka, uovu unakuwa juu ya mume (aya ya 15). Mungu aliona mapema kwamba kuna watu ambao moyo umetoa lakini nyumba imezuia, akaweka sheria ya kuwaachilia. Sheria ile iliandikwa kwa nyumba za wakati ule, ambapo neno la mwisho lilikuwa la mwanamume. Kwetu, Katiba Ibara ya 45 inawapa mume na mke haki sawa ndani ya ndoa, na Paulo tayari alisema mamlaka inakwenda pande zote mbili. Kwa hivyo mimi nalisoma andiko hilo kwa mke na kwa mume pia. Aliyezuiwa hahesabiwi kuwa mwizi.

Na Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana kwa kufanywa laana kwa ajili yetu. Hakukuwa na sehemu imebaki ya kulipiwa na unga wa watoto.

Sasa kuna upande wa pili, na sitauruka. Wengine wanajificha nyuma ya mwenzao. "Mzee wangu hapendi nitoe." Lakini mzee hapendi pia nywele za 3,500, na nywele ziko kichwani. Kama una pesa ambayo ni yako, unaitumia utakavyo na haulizwi, basi kutoamini kwa mwenzako hakujakuzuia chochote. Toa fungu lako.

Wanaume waliookoka

Mafundisho haya kila mara huelekezwa kwa akina mama. Lakini wako ndugu hapa ambao bibi zao hawajaokoka, au ni wa dhehebu lingine, au ni Waislamu. Na shida ya mwanaume ni tofauti, kwa sababu haombi ruhusa. Anasema mimi ni kichwa cha nyumba, anatoa, anaenda. Halafu mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Mama ambaye haamini ndiye anakwenda kukopa kwa chama chake, na huko anaulizwa bwanake anafanya kazi gani.

Ndugu, Yesu aliligusa hilo katika Marko 7:9–13. Watu walikuwa wanasema mali hii ni Korbani, ni wakfu kwa Mungu, kwa hivyo baba na mama wasipate msaada. Hakuwasifu kwa utoaji wao. Alisema wametangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Na Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wa nyumbani mwake ni mbaya kuliko asiyeamini (1 Timotheo 5:8). Hebu fikiria hilo likisomwa mbele ya bibi ambaye haamini lakini ndiye amelipa karo.

Na kuna ndugu wanaotaka kuahidi kipande cha ploti au gari. Sheria niliyoitaja ya 2013, kifungu cha 12, inasema kwamba katika ndoa ya mke mmoja mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kupewa mtu wala kuwekwa rehani bila wote wawili kukubali. Hata ikiwa zawadi. Kwa hivyo usituletee hati ya shamba ambalo bibi hajui. Hatutaipokea.

Wokovu wa mwenzako haununuliwi

Nimesikia watu wakifundishwa, si hapa kwetu, kwamba panda mbegu ya kiasi fulani na bwanako ataokoka kabla ya Krismasi. Mama anakopa, anapanda, Krismasi inafika, mzee yuko palepale, na sasa kuna deni. Katika Matendo 8 Simoni alileta pesa ili apate kile ambacho ni kipawa cha Mungu, na Petro alimjibu kwa ukali mkubwa. Roho wa Mungu hana bei. Omba, funga, ishi vizuri naye, pika. Uniki aliishi na Mgiriki (Matendo 16:1), na Biblia haitaji sadaka yoyote aliyopanda kwa ajili yake. Inataja imani yake, ambayo ilimfikia Timotheo mwana wao.

Namna ya kuongea

Kama umekuwa ukificha, acha kwanza kutoa kwa siri, kisha ongea. Usianze na Malaki. Yeye haamini Malaki. Anza na karatasi na kalamu. Andikeni kodi, chakula, karo, matibabu, wazazi wa pande zote mbili, deni. Kisha andikeni kila mmoja na pesa yake ya mfukoni, kiasi kinacholingana na uwezo wa nyumba. Yeye ya kwake ni nyama choma na mpira, hutamuuliza. Ya kwako ikienda kanisani, asikuulize. Nimeona jambo hili likituliza nyumba nyingi, kwa sababu mara nyingi asiyeamini hapingi Mungu, anapinga kushtukizwa.

Akikubali kiasi kidogo kuliko fungu la kumi la mshahara wako, kipokee na ushukuru. Shilingi 1,000 iliyotoka na baraka zake ni bora kuliko 4,000 ya kuvizia. Mwaka ujao mtaongea tena, na kama nyumba imeendelea vizuri yeye mwenyewe ataona. Kukubali kwake ni kukubali, asilazimishwe kusema haleluya.

Kama mwenzako ni Mwislamu, kumbuka naye ana zaka yake, asilimia 2.5 ya mali iliyofikia kiwango na kukaa mwaka, na ana sadaka zake za Ramadhani. Huwezi kutaka aheshimu bahasha yako ilhali unanung'unika akitoa yake. Wekeni zote mbili kwenye bajeti.

Mwenye kuleta mshahara wote nyumbani na kunyang'anywa asibaki na hata nauli, sikiliza: sadaka yako wakati huu si pesa. Kuja kwako kwa miguu ni sadaka. Kama mwenzako anakupiga kwa sababu ya shilingi mia tano, usiendelee kupigwa ukidhani unateswa kwa ajili ya Kristo. Hilo si suala la sadaka tena, ni suala la usalama. Njoo kwa mchungaji au kwa mama mchungaji, na nambari 1195 ya kusaidia waliodhulumiwa nyumbani ni ya bure kupiga.

Kuhusu ahadi za ujenzi

Wengi wetu tulijaza fomu za ahadi za ujenzi mapema mwaka huu, zingine zikijazwa katikati ya maombi na machozi, na wenzetu nyumbani hawajui mpaka leo. Wazee wa kanisa wamekubaliana hivi: yeyote aliyeahidi kwa pesa ya nyumba bila mwenzake kujua anaweza kuja kupunguza ahadi au kuifuta kabisa. Hutaulizwa sababu, jina lako halitasomwa, na hakuna atakayekupigia simu baadaye. Kama tayari umelipa sehemu na pesa hiyo ilikuwa ya karo au ya kodi ya nyumba, sema, tutaliangalia.

Ofisi iko wazi Jumanne hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Ukija na mzee au na bibi, karibuni nyote. Akitaka kuja peke yake bila wewe, pia aje. Hesabu za kanisa za mwaka jana ziko kwenye faili, mapato na matumizi, na hahitaji kuokoka ndipo aonyeshwe.